Mlango Ulipofungwa, Makumbusho Hayakulala

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya katika sherehe za miaka 60 ya Uhuru, Leeds, Desemba 2021

  

Tumepewa dakika ishirini na tumeombwa tusiingie kwenye siasa. Tunashukuru kwa yote mawili. Tunaposema "sisi" jioni hii, tunasema kwa niaba ya wauguzi, wakunga, walezi wa wazee na wahudumu wengine wa afya wa jumuiya yetu. Ni wale mnaowauliza kila sherehe, "Mbona mwenzako hajaja?" na jibu likawa lile lile: yuko zamu. Hata sasa hivi kuna wenzetu wamevaa glovu na barakoa wakati sisi tunangojea pilau.

Mlitarajia wauguzi waje kuwaambia mnawe mikono na mkapate dozi ya nyongeza. Hayo tunayasema, na ndiyo maana madirisha ya ukumbi huu yako wazi ingawa nje ni baridi. Aina mpya ya kirusi cha korona inayoitwa Omikroni imeshatangazwa. Wenye kusikia baridi wajifunike mashuka ya Kimasai waliyokuja nayo kwa ajili ya mapambo.

Lakini mada tuliyochagua ni makumbusho. Tunataka kuzungumza juu ya namna makumbusho ya nchi hii, na hasa ya mkoa wetu huu wa Yorkshire, yalivyofanya kazi wakati wa korona. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tuliona nyumba za kumbukumbu zikigeuka kuwa sehemu ya kazi yetu ya tiba. Pili, kuna jambo linatuhusu sisi na watoto hawa, na likipita hivi hivi, baada ya miaka 60 mingine hakuna atakayejua kwamba sisi tulikuwepo.

Kitu na maelezo yake

Tuanze na Uhuru wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda alisimika bendera mpya na Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro. Wengi wetu humu ndani tulikuwa hatujazaliwa. Tunaijua habari hiyo kwa sababu picha zilitunzwa, magazeti yalitunzwa, sauti zilirekodiwa, na wazee wetu walitusimulia walikokuwa usiku ule na nani alikuwa na redio mtaani. Kitu kilihifadhiwa, na mtu akakieleza. Hayo mawili yakikutana, mtoto aliyezaliwa Leeds anaweza kusherehekea usiku ambao hata mama yake hakuuona.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 1869 hadi 1870 kipindupindu kilipiga Zanzibar na pwani yetu kwa nguvu ya kutisha. Tunajua mengi kuhusu maradhi yale kwa sababu daktari kutoka Uskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Alieleza njia za misafara, majahazi, visima na makaburi. Tunamshukuru. Lakini katika simulizi ile sisi ndio wagonjwa, yeye ndiye msemaji. Mama aliyeuguza watoto wake Ng'ambo, alichowapikia, alichowaambia, dua aliyoisoma, hayo hayamo.

Ikaja homa kubwa ya mwaka 1918, nayo ikapita Afrika Mashariki wakati watu walikuwa wamechoshwa na vita vya Wazungu. Watoto, mkirudi nyumbani leo waulizeni wazazi wenu: babu wa babu yetu aliipitaje homa ile? Familia nyingi hazitakuwa na jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msiba nao ni hivyo hivyo. Usipoandikwa, mjukuu hajui kama uliwahi kutokea.

Mlango unapofungwa

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza watu wabaki nyumbani. Makumbusho yalikuwa yameanza kufunga siku chache kabla ya hapo. Si hapa tu. Mwezi Mei mwaka ule UNESCO ilieleza kwamba takriban asilimia 90 ya makumbusho yote duniani, yaani karibu 85,000, yalikuwa yamefungwa, na kwamba karibu asilimia 13 huenda yasifunguliwe tena kabisa.

Kwa wengi wetu habari hiyo ilipita tu. Wodi zilikuwa zimejaa, nani ana nafasi ya kufikiria makumbusho? Hata hivyo, nyumba hizo zina watu wanaokula kwa kazi hiyo, na nyingi hutegemea kiingilio, duka dogo la zawadi na mgahawa wa chai. Mlango ukifungwa, fedha zinakauka siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wengi waliwekwa kwenye mpango wa serikali wa kulipwa sehemu ya mshahara huku wakikaa nyumbani. Mwezi Julai serikali ikatangaza mfuko wa pauni bilioni 1.57 wa kuokoa sanaa na utamaduni, na makumbusho yalikuwa miongoni mwa waliosaidiwa.

Tena vitu havijui karantini. Nondo hawasubiri amri ya waziri, na unyevu haukai nyumbani. Nguo ya miaka 200 ikiachwa miezi minne bila mtu wa kuikagua, inaweza kuliwa. Kwa hiyo watu wachache waliendelea kuingia katika majengo matupu, mmoja mmoja, kupima joto na unyevu, kukagua mitego ya wadudu na kuangalia kama paa linavuja. Sisi tuliozunguka wodi usiku tukipima joto la wagonjwa tunaielewa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hatutalisahau. Wahifadhi wa makumbusho hutumia glovu na barakoa kama sisi, kwa sababu jasho la mkono huharibu vitu na vumbi la vitu huharibu mapafu. Mwanzoni mwa janga, vifaa vya kujikinga vilipokuwa adimu, makumbusho kadhaa hapa Uingereza na Marekani yalifungua makabati yao na kupeleka maboksi ya glovu na barakoa hospitalini. Hayakuwa mengi ukilinganisha na mahitaji. Lakini muuguzi anayehesabu glovu mwanzoni mwa zamu anajua thamani ya boksi moja.

Huduma ikahama

Mlango ukiwa umefungwa, huduma ikatafuta dirisha. Hapo jirani, mjini York, Makumbusho ya Yorkshire yalianzisha mashindano ya kila wiki kwenye mtandao wa Twitter. Kila makumbusho yalitakiwa kuonyesha kitu chake kinachoshinda vyote kwa sifa fulani. Mwezi Aprili 2020 sifa iliyochaguliwa ilikuwa kutisha, na York wakaanza na fundo la nywele za mwanamke wa Kirumi, lililofukuliwa kaburini, pini zake nyeusi zikiwa bado zimechomekwa. Makumbusho kutoka nchi mbalimbali yakajibu. Watu waliofungiwa nyumbani wakacheka, wakashtuka, na wakajifunza. Ni jambo dogo, lakini mwenye ujuzi wa upweke wa wagonjwa anajua kicheko ni dawa ya aina yake.

Makumbusho ya Getty kule Los Angeles nayo yaliwataka watu waige michoro maarufu kwa kutumia vitu vya nyumbani. Mashuka, mikeka, matunda na taulo zikawa mavazi ya wafalme. Kwenye nyumba zenye khanga kama zetu, kazi hiyo ni nyepesi kuliko kwa jirani.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba intaneti ilimfikia kila mtu. Ripoti ile ile ya UNESCO ilisema kwamba barani Afrika na katika nchi ndogo za visiwa ni asilimia 5 tu ya makumbusho iliyoweza kuweka huduma zake mtandaoni. Yaani wakati mtoto wa Leeds anatembezwa ndani ya majumba ya Ulaya kwa kidole chake juu ya tableti, binamu yake wa Tandahimba au Pemba alikuta mlango umefungwa, basi. Na hapa hapa Uingereza walikuwepo wazee wasio na kompyuta wala hamu ya kujifunza kuitumia. Makumbusho yaliyokuwa makini yalilitambua hilo, yakaandaa bahasha zenye picha, karatasi za kuchora, maswali na penseli, zikapelekwa majumbani, kwenye nyumba za kulelea wazee na kwenye vituo vya kugawia chakula. Huo ndio uuguzi wa jamii: mgonjwa asipoweza kuja kliniki, kliniki humfuata.

Makumbusho ya England yaliruhusiwa kufungua tena kuanzia tarehe 4 Julai 2020. Yakafunga tena Novemba, na baada ya misukosuko ya majira ya baridi yakaruhusiwa kufungua tarehe 17 Mei 2021. Waliokwenda wanakumbuka: unaweka nafasi kabla, unapewa saa yako ya kuingia, mishale sakafuni inakuelekeza upite wapi, dawa ya mikono iko kila kona. Vile vitu ambavyo watoto huvishika na kuvichezea viliondolewa au vikafunikwa. Vitu vilivyoguswa viliwekwa pembeni kwa saa 72 kabla ya kutumiwa tena. Baadaye sayansi ilionyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko katika hewa tunayoshirikiana, kuliko vitu tunavyogusa, na mkazo ukahamia kwenye madirisha na mitambo ya hewa. Watu wengine waliudhika wakasema, "Wataalamu wanabadilika badilika." Sisi tunasema hivi: fundi anayebadilisha kipimo baada ya kupima tena ndiye wa kumkabidhi nyumba yako.

Kutoka maonyesho hadi sindano

Sasa tunafika kwenye sehemu inayotugusa zaidi. Wengi wenu mnalifahamu jengo la Makumbusho ya Tiba ya Thackray, lililo Mtaa wa Beckett, pembeni kabisa mwa Hospitali ya St James's. Watoto wameshapelekwa pale na shule zao, wakapita ule mtaa wa kuigiza wa Leeds ya miaka ya 1840, pamoja na harufu zake, na kurudi nyumbani wakikataa kula. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1861 kuwa nyumba ya maskini wa mji huu, watu wasio na chakula wala pa kulala. Baadaye likawa sehemu ya hospitali, na tangu mwaka 1997 ni makumbusho.

Mji huu unajua maana ya maradhi ya kuambukiza. Kipindupindu cha mwaka 1832 kiliua watu wapatao 700 hapa Leeds, na daktari mmoja, Robert Baker, akachora ramani ya mitaa iliyopigwa. Ramani ile ilionyesha bayana kwamba wagonjwa walikuwa wengi kule kusikokuwa na mifereji wala maji safi, kwa maskini. Ndiyo maana tunasema kuandika si anasa. Ramani ya msiba ni mwanzo wa dawa.

Majira ya baridi ya 2020 kuelekea 2021, umma ukiwa bado haujaruhusiwa kuingia kutazama maonyesho, Thackray ikawa kituo cha chanjo ya korona, makumbusho ya kwanza Uingereza kufanya hivyo. Makumbusho ya Black Country kule Dudley yakafuata. Mwezi Machi 2021 Makumbusho ya Sayansi ya London yakafungua kituo chake. New York nako, watu walichanjwa chini ya sanamu kubwa ya nyangumi wa buluu.

Kwa nini makumbusho? Kwanza ni nafasi: kumbi pana, hewa, vyoo, njia za viti vya magurudumu, milango miwili ili anayeingia asigongane na anayetoka. Pili, na hili ndilo tunalotaka mlishike, ni imani. Wapo watu ambao neno hospitali peke yake linawapandisha presha. Mwaka ule wa kwanza, hospitali ilikuwa mahali ambapo mtu aliingia kwa gari la wagonjwa na familia ikabaki mlangoni. Kwa wazee wetu, jengo ambalo mjukuu amelitembelea na darasa lake halikuwa na kivuli hicho.

Nasi tulikuwa na sababu ya kuogopa na sababu ya kuchanjwa kwa wakati mmoja. Mwezi Mei 2020 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilitoa hesabu zake kwa England na Wales. Ukizingatia umri, wanaume weusi walikuwa na uwezekano wa kufa kwa korona mara 4.2 kuliko wanaume weupe, na wanawake weusi mara 4.3. Walipozingatia pia makazi, kipato na mambo mengine ya maisha, pengo lilipungua lakini halikuisha: ilibaki karibu mara 1.9. Damu yetu haina ubaya wowote. Tazameni kazi tunazofanya: mabasi, teksi, usafi, ulezi, ghala, wodi. Kazi hizo haziwezi kufanyika ukiwa sebuleni mbele ya kompyuta.

Wakati huo huo simu zetu zilijaa sauti na video za watu wasiojulikana wakisema chanjo inaingiza chipu, inazuia uzazi, inabadilisha damu. Tulizijibu moja moja, usiku baada ya zamu, kwa Kiswahili, kwa sababu vipeperushi vingi vilikuja kwa lugha ambazo bibi yetu hazisomi. Kilichosaidia zaidi ni mtu kumuona mtu wake. Mama mkubwa fulani akikubali, akapiga simu kwa wenzake akasema "Mimi nimeshachoma na nimeshapika chapati," hoja zote za Whatsapp zinapungua nguvu. Na tarehe 28 Julai mwaka huu, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Dar es Salaam akizindua chanjo nchini, waliokuwa wakisema "mbona nyumbani hawachanjwi" wakakosa la kusema.

Tunapenda pia kumtaja May Parsons. Tarehe 8 Desemba 2020 kule Coventry, alimchoma bibi Margaret Keenan sindano ya kwanza duniani ya chanjo ya Pfizer nje ya majaribio. May ni muuguzi aliyetoka Ufilipino, mhamiaji kama sisi. Kichupa kile kitupu na sindano ile sasa vimehifadhiwa na Makumbusho ya Sayansi. Fikirini: takataka ya kliniki, ambayo kwa kawaida tunaitupa kwenye boksi la njano bila kuitazama mara mbili, leo ni historia, na mkono ulioishika ni mkono wa mgeni aliyekuja kufanya kazi.

Vitu vyetu viko wapi?

Mwezi Aprili 2020, vifo vikiwa vinapanda, Makumbusho ya London yalitangaza kwamba yanakusanya vitu na simulizi za janga kutoka kwa wakazi. Hawakusubiri liishe. Waliomba vitu vya kawaida, vya watu wa kawaida. Walichukua hata ukimya: sauti za mitaa ya London iliyonyamaza mwaka 2020, zikawekwa pamoja na sauti zilizorekodiwa mwaka 1928 mahali pale pale, penye kelele za farasi na magari. Na mwezi Machi mwaka huu, kwenye ukuta mrefu unaotazamana na Bunge, mbele ya Hospitali ya St Thomas', familia zilianza kuchora moyo mmoja mwekundu kwa kila aliyekufa. Mioyo ile ni zaidi ya 150,000.

Swali letu ni hili: miaka 60 ijayo mtoto wa mtoto huyu aliyelala hapa mbele akiingia makumbusho ya Leeds kuuliza habari za korona, ataona nini cha watu wake?

Tunavyo vitu. Tunazo barakoa ambazo akina mama walizishona kwa vitenge na kuzigawa msikitini na kanisani. Tunayo ile sufuria iliyobonyea kwa kupigwa mwiko kila Alhamisi saa mbili usiku, majirani walipotoka kupiga makofi kwa ajili ya wahudumu wa afya. Tunazo picha za upinde wa mvua ambazo watoto walizibandika dirishani. Tunazo stakabadhi za hoteli za karantini za waliokwenda kuzika nyumbani wakati nchi yetu iko kwenye orodha nyekundu. Tunazo orodha za michango ya rambirambi. Tunazo rekodi za misiba iliyofanyika kwa Zoom, ambapo shehe au mchungaji yuko Tanga, marehemu yuko Leeds, mjane yuko peke yake chumbani, na watu mia mbili wako kwenye vioo vya simu wakilia kimya kwa kuwa wamezimiwa sauti.

Na tunazo sufuria za kujifukiza. Hapa wengine watacheka. Mtasema, wauguzi mnataka kupeleka nyungu makumbusho? Ndiyo. Kama wauguzi tunasema waziwazi: mvuke wa majani ya mkaratusi na tangawizi hauui kirusi cha korona, na hospitali za watoto hapa Uingereza zilipokea watoto walioungua kwa maji ya moto ya kujifukiza. Msimfukize mtoto. Lakini makumbusho hayahifadhi vile tu vilivyokuwa sahihi. Yanahifadhi walichofanya watu walipoogopa na kupendana. Sufuria ile, ikiwa na maelezo ya nani aliichemsha, kwa ajili ya nani, na nani alimpigia simu kutoka nyumbani kumtajia majani, itamweleza mjukuu mengi kuhusu sisi kuliko grafu kumi.

Tufanye nini kuanzia leo

Tunapendekeza kwa Mwenyekiti na kamati mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, jumuiya iwe na sanduku la kumbukumbu. Kila familia ilete kitu kimoja. Kimoja kinatosha.

La pili, kila kitu kije na karatasi yake. Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: ni kitu gani, kilikuwa cha nani, kilitumikaje, wapi, mwezi gani, na kwa nini hukukitupa. Kitu kisicho na maelezo, mhifadhi hawezi kukisaidia. Barakoa bila jina ni kitambaa tu.

La tatu, tunza vizuri. Nguo ifunge kwa kitambaa safi cheupe cha pamba, usiiweke kwenye mfuko wa plastiki ikatoa jasho. Karatasi iweke mbali na jua na mbali na redieta. Picha na sauti zilizo kwenye simu zihamishe, ziwe na nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa, huzama kwenye sinki, na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili.

La nne, vijana wawarekodi wazee. Msianze na maswali ya korona. Anzeni na "Ulikuwa unaishi na nani?" na "Siku hizo mlikuwa mnakula nini?" Mzee atafika mwenyewe penye uchungu, na akifika, mwacheni apumzike. Kabla ya kurekodi ombeni ruhusa, na baada ya kurekodi muulizeni kama kuna sehemu hataki isikike.

La tano linatuhusu sisi wa hospitali. Tuna daftari zetu, tuna picha tulizopiga tukiwa na alama za barakoa usoni. Chochote chenye jina, sura au namba ya mgonjwa hakiingii sandukuni. Siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu janga limeisha, wala kwa sababu mgonjwa amefariki.

La sita, sanduku likijaa, kamati iandikie makumbusho ya hapa mjini. Hawapokei kila kitu. Wana taratibu, wana nafasi ndogo, na kitu kikipokelewa mnatia saini hati ya kukabidhi. Watachagua labda vitu vitatu. Vile vitatu vikiingia na maelezo yetu, kwa maneno yetu, tutakuwa tumefanya kile ambacho mama wa Ng'ambo wa mwaka 1869 hakupata nafasi ya kukifanya. Vinavyobaki ni vyetu, na tutavitandaza kwenye meza kila sherehe ya Uhuru, karibu na picha za mwaka 1961.

Watoto, hii kazi ni yenu zaidi kuliko yetu. Sisi tunajua Kiswahili cha kueleza, ninyi mnajua mitambo ya kuhifadhi. Nyumbani kwenu mnatuona tukirudi asubuhi, tukivua viatu nje na kwenda kuoga kabla ya kuwakumbatia. Kumbukeni hilo. Liandikeni. Andikeni pia majina ya wale wa jumuiya yetu ambao walikaa viti hivi miaka miwili iliyopita na leo hawapo. Hatutayasoma hapa, kwa kuwa familia zao ndizo zenye haki ya kuamua, lakini karatasi na kalamu ziko kwenye meza ya nyuma, kando ya chai, kwa anayetaka kuandika jina la mtu wake na kitu kimoja anachomkumbuka nacho.

Meza hiyo itakuwa na mtu mpaka mwisho wa sherehe. Asiyejua kuandika tutamwandikia. Na ambaye hajapata dozi ya nyongeza tutampa maelekezo hapo hapo, akiwa ameshika kikombe chake.

 Heri ya miaka 60 ya Uhuru.